Kina cha Matema, Kimo cha Isongole

Jumatatu, 13 Desemba 1976. Matema.

Mpunga tena. Jana nilianua mvua ilipokuja, leo nimeanika jua lilipotoka, saa nane nimeanua tena. Mama mkubwa anasema hajawahi kuona mtu anayefukuza kuku kwa kitabu. Nina kitabu kimoja tu likizo hii na nimekisoma mara mbili. Kwa sasa kinafaa kwa kuku.

Wageni wamefika. Land Rover ya serikali, na nyuma yake lori lenye mitungi ya chuma na mashine ya kujaza hewa. Ni wazamiaji kutoka Dar es Salaam. Wamekuja kwa ajili ya meli ya Wajerumani iliyozama hapa ziwani kwetu wakati wa vita ya kwanza. Wavuvi wanaiita Chuma. Wanajua ilipo kwa sababu nyavu hukatika juu yake. Serikali inataka kujenga gati, na kabla ya hapo inataka kujua kama kuna mabomu ndani.

Mama mkubwa hakuelewa. Akamwuliza mkuu wao, "Baba, kumbe mnalipwa kwa kuzama?" Akajibu, ndiyo mama. "Kwetu mtu akizama halipwi. Analiliwa." Walicheka mpaka dereva akashika tumbo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mitungi. Nataka kazi ile. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatano, 15 Desemba

Mkuu wa wazamiaji anaitwa Bwana Hamza. Mtu wa Tanga, mfupi, kifua kama pipa, sauti ya chini. Leo aliuliza vijana waliokusanyika ufukweni nani anasoma Kiingereza. Nilitazama miguu yangu. Ambokile akanisukuma mbele. "Huyu hapa. Anasoma Iringa. Kitabu anakila hata bila chumvi."

Ambokile ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu. Alimaliza darasa la saba akabaki ziwani. Anaweza kubeba mtumbwi begani akiwa anapiga mluzi.

Nimepewa kitabu cha uzamiaji. Kinene, kina michoro. Nitakisoma na kuwaeleza vijana watakaosaidia kwenye boti.

Jambo kubwa ni hili. Ofisi yao itachukua kijana mmoja wa hapa ziwani kumfundisha Dar es Salaam awe mzamiaji. Mmoja tu. Bwana Hamza atachagua, na tarehe nne Januari afisa atakuwa Mbeya kumwona huyo kijana. Asiyefika siku hiyo, basi.

Nimesoma mpaka jua likazama.

Ijumaa, 17 Desemba

Siku njema. Niliwaeleza vijana habari ya uzito wa maji. Kwamba kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo hewa anayovuta inavyokandamizwa ndani ya damu yake, hasa ile gesi ya naitrojeni. Akipanda polepole, akisimama kwenye vituo vilivyofungwa alama kwenye kamba, gesi hutoka kwa amani kupitia mapafu. Akipanda haraka hugeuka viputo mwilini. Viputo huingia kwenye viungo. Vikifika kwenye uti wa mgongo, mtu anapooza.

Nilisema yote hayo mbele ya watu bila kutazama miguu yangu. Mara ya kwanza maishani.

Kisha Ambokile akasema, "Kwa hiyo mzamiaji ni chupa ya soda. Ukimfungua haraka anatoa povu." Wote wakaitikia aaah! Bwana Hamza akampiga begani.

Mimi nilihitaji asubuhi nzima. Yeye sentensi mbili. Nimekasirika na sina haki ya kukasirika.

Jumapili, 19 Desemba

Baada ya ibada Bwana Hamza alitujaribu majini. Kazi rahisi. Shika kamba, teremka hadi kwenye jiwe jeupe, liguse, rudi.

Najua kwa nini sikio huuma na najua la kufanya. Bana pua, puliza. Nilibana, nikapuliza. Hakuna kilichofunguka. Ni hili sikio la kushoto lililokuwa likitoa usaha nilipokuwa mdogo. Maumivu yaliingia kama msumari wa moto. Nikajaribu tena. Nikarudi juu nalia ndani ya kile kioo cha uso. Machozi ndani ya kioo hayana pa kwenda.

Ambokile alishuka kama mtu anayeingia jikoni kwao. Hakuligusa jiwe. Alikuja nalo juu.

Ninamwonea wivu. Nimeliandika neno lenyewe nione lilivyo. Ni fupi.

Jumatano, 22 Desemba

Wamenipa kazi ya kushika kamba. Ambokile anashuka na mtungi mgongoni, kamba kiunoni, na mwisho wa kamba uko mikononi mwangu kwenye boti. Mvuto mmoja, nimefika. Miwili, nipe kamba. Mitatu, napanda. Minne, nivute.

Bwana Hamza anasema nina mikono mizuri, sikivu. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kisha nikakumbuka kwamba mikono sikivu ni sifa ya mtu anayebaki juu.

Maji yalikuwa meupe kama kioo pembeni, na meusi pale mlima wa Ukinga unapoendelea kushuka chini ya ziwa. Niliona viputo vyake vikipanda. Yeye sikumwona. Alikaa huko, akavuta mara tatu, akapanda kituo hadi kituo kama nilivyomfundisha. Kila kituo ni mimi niliyemkaririsha.

Jumamosi, 25 Desemba. Krismasi.

Wali, kuku. Akina mama kutoka Ikombe walioleta vyungu vya kuuza walikataa kuondoka mpaka waonyeshwe kijana anayetembea chini ya ziwa. Akaonyeshwa. Akainama kwa aibu ya uongo.

Hakuna aliyeomba kuonyeshwa mshika kamba.

Jumanne, 28 Desemba

Ambokile ameifikia Chuma.

Alishuka na Bwana Hamza mpaka kwenye pua ya meli, mita thelathini na kitu. Pua imeegemea mteremko. Nyuma ya meli inaendelea kushuka gizani, na huko huenda Bwana Hamza na msaidizi wake Joakimu peke yao, maana hewa ya kawaida huko chini humlevya mtu kama pombe.

Jioni ua wetu ulijaa watu. Wakataka asimulie. Akasema, "Ni kubwa. Ni nyeusi. Kuna mbasa wengi." Akala ugali.

Basi! Hivyo tu! Mtu ameona meli ambayo hakuna mtu wa hapa aliyeiona tangu izame, anasema kuna mbasa, samaki wetu wa kila siku. Nilimfuata nyuma ya nyumba kumwuliza. Bomba la moshi lipo? Ngazi? Kutu ni ya rangi gani chini kule? Alinitazama kwa huruma. "Sasa mdogo wangu, nilikuwa nimeshika kamba. Ningeangalia rangi saa ngapi?"

Yeye ameona na hana maneno. Mimi nina maneno na sijaona kitu. Mungu amegawa vibaya.

Alhamisi, 30 Desemba

Bwana Hamza ametangaza. Ambokile.

Nilijua. Kila mtu alijua. Hata hivyo nilipolisikia jina nilihisi kama ngazi imekosa kidato. Nilimpa mkono. Nilisema hongera kaka. Akanikumbatia akaninyanyua juu mbele ya watu, kama mtoto. Nilitamani kumng'ata.

Sikula jioni. Mama mkubwa akasema, "Lusekelo, usininunie nyumba."

Jumapili, 2 Januari 1977

Nimeona jambo kitabuni. Aya ndogo mwishoni mwa sura. Inasema mzamiaji asipande ndege siku aliyozamia, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, na gesi iliyobaki mwilini, ile ambayo vituo haviimalizi, hugeuka viputo.

Mpango wa kesho ni huu. Joakimu ana malaria. Kwa hiyo asubuhi Ambokile atashuka na Bwana Hamza kufunga kamba ya mwisho kwenye Chuma, mara mbili. Baada ya chakula cha mchana dereva atampeleka Mbeya alale huko, Jumanne asubuhi aonane na afisa. Nami nitakuwa kwenye gari hilo hilo, maana shule inafunguliwa.

Matema mpaka Tukuyu ni kupanda. Kutoka Kiwira mpaka Isongole ni kupanda hadi mawinguni. Isongole maharage hayaivi mpaka mtu akate tamaa, kwa sababu hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hilo tumefundishwa kidato cha pili. Kwa damu ya mtu, kupanda kwa gari kunatofautianaje na kupanda kwa ndege?

Nilimwendea Bwana Hamza. Nilieleza vibaya, nilikuwa naongea na vifungo vya shati lake. Alisikiliza. Akasema, "Hiyo ni habari ya ndege, kijana. Mimi nimezamia tangu ujana wangu, nikitoka majini napanda gari naenda nyumbani." Dereva, Mzee Salum, alikuwa anafunga tairi. "Profesa, Land Rover imeota mabawa lini?"

Joakimu kutoka ndani ya hema, na homa yake, akacheka.

Nikamwambia Ambokile. Asizamie kesho, au asisafiri kesho. Akauliza, "Na nisipofika Jumanne, nafasi anapewa nani?" Nikasema sijui. "Unajua." Akaongeza, "Watu wa Tukuyu wanaishi huko juu kila siku. Wanatoa povu?"

Hawatoi, kwa sababu hawatoki chini ya ziwa. Nilikuwa na jibu. Sikulitoa. Nilikuwa nafikiria swali lake la kwanza.

Ninajua aya ile ni ya kweli. Lakini nilipoiona nilifurahi. Mtu mwema angeshtuka kwanza.

Jumatatu, 3 Januari, asubuhi

Niko kwenye boti. Yuko chini, mara ya pili. Mvuto mmoja. Yote salama.

Nimemwomba Bwana Hamza tena. Amesema nifunge sanduku langu.

Jumanne, 4 Januari

Niko Matema tena. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Tuliondoka jana mchana. Mzee Salum kwenye usukani, Ambokile katikati, mimi mlangoni, sanduku nyuma. Mzee Salum amezaliwa Mwanjelwa, Mbeya, babu yake alitoka Bagamoyo, na akianza kuongea hana kituo. Njia nzima alimwonya Ambokile kuhusu Dar es Salaam. "Huko usiombe ndizi asubuhi, mchana na jioni. Watakurudisha kwenu kwa parseli, na stempu nitalipa mimi." Ambokile alicheka sana. Kabla ya Tukuyu kalamu yangu ikavuja wino mfukoni. Huvuja kila nikipanda kutoka ziwani. Hewa iliyo ndani inatafuta nafasi. Nililitazama lile doa nikawaza damu ya kaka yangu.

Tukuyu tulikunywa chai. Ambokile alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Yeye hatumii mkono wa kushoto. Niliona. Akaona kwamba nimeona, akageuza uso.

Hapo ningesema. Sikusema. Niliogopa wangecheka. Na kuna sehemu yangu ilitaka aumwe zaidi kidogo, ili ionekane kwamba nilikuwa sahihi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kiwira tukapita. Barabara ikaanza kupanda tena, mvua na ukungu. Ambokile aliacha kucheka. Kila gari likiruka alibana kiwiko mbavuni. Nikamwuliza polepole, bega? Akasema alililalia vibaya. Jasho lilikuwa linamtoka na kule ni baridi.

Nikamwambia Mzee Salum ageuze gari.

"Nigeuze niende wapi, Profesa?"

"Ziwani."

"Umesahau daftari?"

Ambokile akasema, macho mbele, "Endesha, mzee wangu. Huyu tangu nichaguliwe hana raha. Anataka afisa aondoke kesho bila kuniona."

"Wivu huo," akasema Mzee Salum, akaongeza mwendo.

Karibu na Isongole kulikuwa na watoto wanauza viazi kwenye ndoo, wamejifunika magunia. Gari lilipopunguza mwendo kwa ajili ya tope nikafungua mlango nikaruka. Nikakimbia mbele. Nikasimama katikati ya barabara, mikono nimetanua, kama mtu anayezuia ng'ombe. Mzee Salum alikanyaga breki. Akatoa kichwa dirishani akanitukana kwa Kiswahili cha pwani na Kisafwa kwa pamoja. Watoto wa viazi walifurahi sana.

Mimi, nisiyeweza kuinua mkono darasani, nilipiga kelele. Nilisema, "Ndiyo, ninamwonea wivu! Tangu siku ya kwanza! Na mkono wake unamuuma, ugonjwa wa wazamiaji umemshika! Yote mawili ni kweli!"

Kisha nikasema ainue mkono. Aushike ukingo wa juu wa mlango, basi. Akiweza, nitakaa kimya mpaka Mbeya na mpaka nife.

Alijaribu. Ulifika kifuani ukakataa. Nikaona mdomo wake unatetemeka, na sijawahi kumwona hivyo hata siku tulipomzika baba yake.

Mzee Salum aliacha mzaha. "Tangu wapi, mwanangu?"

"Tukuyu."

Akageuza gari hapo hapo, gurudumu moja likiwa kwenye mtaro.

Kiwira maumivu yalikuwa yale yale. Mpaka Tukuyu ni kupanda tena kidogo, nikawa namtazama vidole. Baada ya hapo tukaanza kuteremka moja kwa moja, na kabla ya Ipinda alianza kufungua na kufunga vidole. Njia yote aliniambia neno moja. Halikuwa na hasira. "Umenimaliza."

Bwana Hamza alilibonyeza lile bega, akamtazama ngozi, akamwuliza kama anaihisi miguu yake. Anaihisi. Akamlaza, akampa maji mengi, akakaa kando yake. Mganga wa zahanati amekuja asubuhi, akasema hajawahi kuona ugonjwa huu, akaacha vidonge vya maumivu.

Leo bega linauma kidogo. Mkono unafika mdomoni.

Mbeya afisa amengoja na hakuna aliyefika. Kwa hiyo Ambokile haendi. Nimepata nilichokuwa nakitaka usiku wa Alhamisi nilipokataa kula. Nimekitazama mchana kutwa. Hakina ladha.

Ijumaa, 7 Januari

Mama mkubwa hataki kusikia habari za naitrojeni. Kwetu mtu akiugua ghafla, kwanza huulizwa ndugu gani ana kinyongo naye. Pumzi ya ndugu aliyenuna, wanasema, huingia mwilini mwa mwenzake kama baridi. Na mimi nilitangaza wivu wangu barabarani. Mzee Salum amesimulia kila kitu, na kuongeza.

Asubuhi mama mkubwa alituketisha mimi na Ambokile kwenye mkeka mmoja. Bakuli la maji katikati. Mwenye kinyongo hutakiwa kusema yote, asibakize, kisha achukue maji kinywani ayapulize chini. Akimeza hata neno moja, kazi bure.

Najua ni viputo. Naweza kuvichora. Nilisema hata hivyo.

Nilisema nilichukia alivyokuja juu na lile jiwe. Nilisema nilichukia mbasa wake. Kwamba aliponinyanyua mbele ya watu nilitaka kumng'ata. Kwamba nilipoiona ile aya nilifurahi. La Tukuyu lilikuwa gumu. Nililisema nikitazama bakuli. Nikapuliza maji. Nililowesha magoti yake.

Nilidhani tumemaliza. Mama mkubwa akamgeukia mwanawe. "Na wewe?"

Ambokile alishtuka. Kisha akasema aliuficha mkono kwa sababu yangu. Kwamba alikuwa tayari mkono uoze kuliko kunisikia nikisema nilikwambia. Akasema kila likizo nikishuka kwenye gari na sanduku langu na shati jeupe, yeye huenda ziwani ili asinione nikisalimiwa. Kwamba majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yaliposomwa, alikaa mpaka la mwisho, na akaendelea kukaa watu walipoondoka. Hakuna aliyemwuliza siku ile. Wote tulimpa nyavu.

Sikujua. Tumelala chumba kimoja likizo zote hizi.

Naye akapuliza maji. Mama mkubwa akasimama, akajipangusa. "Sasa kaanikeni mpunga."

Tukaanika. Alitumia mkono wa kulia. Polepole.

Jumapili, 9 Januari

Nimechelewa shule. Bwana Hamza ataondoka kesho na gari, nami nitakwenda naye. Hakuna aliyezamia tangu Ijumaa, yeye mwenyewe ameamuru, maana kesho ni kupanda mlima. Katika Chuma wameona masanduku ya mabomu, kwa hiyo gati litajengwa kwingine.

Jioni aliniita. Alikuwa anafunga mikanda ya mitungi. Alisema, "Kosa ni langu. Kwetu pwani ukitoka majini hakuna mahali pa kupanda. Sikuufikiria mlima, niliifikiria ndege." Anakwenda na Ambokile kwa huyo afisa mwenyewe, ambaye bado yuko Mbeya, kabla hajarudi Dar es Salaam. Ataeleza nani aliyemzamisha kijana na kumpandisha mlimani siku moja. Ataomba Ambokile achukuliwe, akae juu kwanza, kwenye boti na mashine, mpaka madaktari waseme.

Nadhani alijua nasubiri nini.

"Wewe nisingekuchukua," akasema. "Hata kama Ambokile asingekuwepo. Lile sikio lingekuua."

Kisha akaniomba nimshikie mkanda.

Nimelia kidogo kwenye shamba la mihogo. Si kwa huzuni tu. Wiki zote hizi nimegombania sahani isiyokuwa na jina langu.

Jumapili, 16 Januari. Iringa.

Shuleni. Baridi. Nimepangiwa kitanda cha juu karibu na dirisha lililovunjika. Nimechapwa viboko viwili vya kuchelewa na mwalimu hakutaka maelezo.

Jumatano nilimsindikiza Ambokile kituo cha reli Mbeya. Wamemkubali. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima vya Joakimu, vinambana, na alikataa kabisa nibebe begi lake kisha akanipa. Mkono wa kulia anauinua mpaka juu ya kichwa sasa. Alinionyesha mara nyingi bila kuombwa.

Mama mkubwa alimfungia mchele wa Kyela kilo ambazo hata Dar es Salaam nzima haiwezi kuzimaliza. Treni ilipoingia watu wakaanza kusukumana. Akapata kiti cha dirishani. Akainama nje, akatazama huku na huku kama kuna anayetusikiliza, akaniuliza, "Hii inapanda?"

Hakuwa anatania. Nilimwangalia nihakikishe.

Nikamwambia inapanda kidogo, mpaka Uyole tu. Baada ya hapo inateremka hadi baharini. Na siku zimepita nyingi, hakuna kitu mwilini tena. Asiwe na hofu.

Akaitikia kwa kichwa. Akakaa vizuri. Alikuwa ameniamini, basi, kama mtu anavyoamini ubao wa kituo.

Nilipanda basi la Iringa siku ya pili. Chimala tulisimama muda mrefu, tairi. Nilikaa kwenye gunia la mchele la mtu nikamwonea wivu tena. Dar es Salaam, bahari, meli zenyewe. Sikushangaa. Wivu umezoea njia.

Leo baada ya chakula mwenzangu wa kitanda cha chini ameniuliza likizo ilikuwaje. Nikamwambia kaka yangu amekwenda Dar es Salaam kujifunza uzamiaji. Akasema, acha bwana, mzamiaji kabisa? Nikasema, kabisa. Ameshafika kwenye meli ya vita, chini ya ziwa letu.

Akataka nimweleze ilivyo. Nikamwambia ni kubwa, ni nyeusi, na ina mbasa wengi.